Miezi mitatu naunda fisi-mtu, yeye kasoma sekunde kumi akacheka

Wakuu, naandika mkono bado unatetemeka. Yule mwendesha mchezo wetu wa Dungeons & Dragons (ule wa mezani, unaigiza mhusika na kurusha dadu) mnamjua, yule anayejificha nyuma ya pazia lake la joka kama waziri, sina haja ya kumtaja.

Miezi MITATU nimekaa na gnoll, yaani fisi-mtu, nikimtoa kwenye udubwana wa kuchinjwa awe jamii ambayo mchezaji anaweza kuishi nayo. Hiyo kazi si ya kunakili. Gnoll wa kitabu cha 2014 alikuwa na pointi 22 za uhai na alikufa raundi ya pili, hakuna aliyejali. Mhusika wa mchezaji utakuwa naye mwaka. Ule uwezo wa gnoll wa kitabu hicho, kwamba akiangusha mtu anasogea nusu ya mwendo wake na kung'ata mwingine palepale, ukimwachia kila raundi wenzake wote wanabaki watazamaji. Nikaufunga: mara moja, hadi apumzike.

Halafu kicheko. Fisi halisi hacheki kwa furaha, ile sauti humtoka akibanwa au akifukuzwa. Kwa hiyo mhusika wangu anacheka akiogopa. Mpiganaji mkubwa, meno ya kuvunja mifupa, na kila akiogopa meza nzima inamsikia. Nililipenda hilo wazo kuliko yote.

Jamaa kashika karatasi zangu, kasoma sekunde kumi (nimehesabu), KACHEKA. Kachukua kalamu nyekundu, kafuta kicheko, kaandika pembeni "Akili -2", yaani mhusika wangu apunguziwe pointi mbili za akili. Kisha mbele ya watu wote: "Hapa fisi tunaua, hatulei."

Sekunde kumi! Wenye Dungeons & Dragons wenyewe walimfutia orc, dubwana jingine la mchezo, ile -2 ya akili mwaka 2020, yeye ndiyo kwanza anairudisha kwa wino mwekundu. Na kalamu imepenya hadi karatasi ya chini, ile niliyochora ukoo wa mhusika wangu, majike juu kama ilivyo kwa fisi madoa. Bibi yake ana doa jekundu usoni sasa.

Hatulei. Nani kamwomba alee?

Kobold_Mnyonge: Pole mkuu. Ila wewe -2 umeandikiwa kwa kalamu. Sisi wa kobold, vile vijoka-watu vidogo, tuliuziwa -2 ya nguvu ikiwa imechapwa kabisa kitabuni 2016. Miaka minne nilibeba upinde tu.

PembeTatu: Sekunde kumi ni nyingi kwa karatasi za fisi. Punguza povu.

Mwanzisha uzi: Wewe PembeTatu minotauri wako, mtu mwenye kichwa cha fahali, alikubaliwa bila hata kusomwa. Nyamaza.

Joka Mstaafu: Vijana mnadekezwa. Toleo la tatu la mchezo gnoll alihesabiwa tayari yuko ngazi (leveli) ya 3 kabla hujachagua hata fani. Wenzako wanarusha uchawi, wewe una manyoya. Na ile ya 1974, toleo la kwanza kabisa, ilimweleza kuwa chotara wa gnome (kibeti) na troll (jitu linalojiponya), fisi hayumo kabisa.

Kobold_Mnyonge: Gnome na troll walikutana wapi?

Joka Mstaafu: Usiniulize, nimesoma tu.

Mwanzisha uzi: Jamani, KAFUTA KICHEKO. Angefuta meno ningeelewa.

ShimoLaTatu: Huyo huyo mwanzoni alinikatalia troll. Nilimwambia pointi za uhai zinarudi chache tu kila raundi, na moto au tindikali zikimgusa hazirudi. Akakubali, nikafurahi. Kikao cha kwanza kila adui kashika mwenge. Kila mmoja. Hadi wavuvi.

PembeTatu: Wavuvi wenye mienge nimecheka sana

ShimoLaTatu: Saa sita mchana, mkuu.

DaduNzito: Mienge ni afadhali. Mimi alipitisha bugbear wangu, dubwana la manyoya lenye mikono mirefu, ile mikono ya kufika futi 5 zaidi ikawa raha. Tatizo dadu zake anarusha nyuma ya pazia. 20 tatu mfululizo, namba ya juu kabisa ya dadu, kila mara akinishambulia mimi.

ShimoLaTatu: Eti nawe umeliona? Mimi nilidhani nina gundu.

Joka Mstaafu: Dadu zirushwe mezani. Enzi zetu ikianguka chini ya kiti inarudiwa.

PembeTatu: Ikianguka chini inahesabiwa kama ilivyo.

Joka Mstaafu: INARUDIWA.

Mwanzisha uzi: Kuna mtu anajua kufuta wino mwekundu bila kuchana karatasi?

DaduNzito: Ikiegemea mguu wa meza je?