Chemchemi ya maji moto: tutajuaje kama joto lake linatosha kukaushia kahawa?

Mkulima wa Songwe:
Habari za kazi, ndugu zangu. Ushirika wetu upo karibu na chemchemi za maji moto za Songwe, magharibi mwa Mbeya, nasi tungependa kukaushia kahawa na mahindi kwa joto hilo, si kuzalisha umeme. Tuanze kupima nini kabla ya kumwita mtaalamu?

Fundi Mitambo:
Pimeni halijoto ya maji yanapotoka na wingi wake kwa sekunde, kisha mrudie masika na kiangazi, kwa kuwa maji ya mvua yanaweza kuchanganyika nayo na kuyapoza. Lita moja kwa sekunde ikipoa kwa nyuzi 1 ya Selsiasi hutoa takriban kilowati 4.2, basi lita 5 zikishuka kutoka nyuzi 70 hadi 40 hutoa kilowati 630 hivi. Wengi hukosea hapa: hupima halijoto tu.

Mjiolojia:
Msisahau kemia. Kiasi cha silika (madini ya miambani yanayoyeyuka katika maji moto) humsaidia mtaalamu kukadiria joto la chini ardhini, chokaa huziba mabomba, na floraidi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi, ni nyingi katika maji mengi ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo maji yapashe hewa kupitia mabomba, yasiguse mazao. Kule Menengai, Kenya, joto la ardhini limetumika kupasha maziwa ili kuua vijidudu na kupasha joto kitalu nyumba.

Mkulima wa Songwe:
Ahsanteni. Ghala letu lipo kilomita 3 kutoka chemchemini.

Fundi Mitambo:
Basi jengeni kikaushio chemchemini, kwani kusafirisha kahawa ni nafuu kuliko kusafirisha joto.