Nimeletewa mashine ya kutafuta vyuma vya kale, kwa hapa Tanga nianzie wapi?

KijanaWaNgamiani:
Habarini wakuu. Braza wangu anaishi Uingereza, wikiendi huwa anazunguka na ditekta kwenye uwanja wa gofu karibu na kwake, wenyewe wamempa ruhusa ya maandishi ila asiguse pale kwenye mashimo ya kuchezea na akichimba akate nyasi vizuri arudishie. Anasema zamani palikuwa shamba, anaokota vifungo vya shaba, senti za enzi za Malkia Victoria, hadi vigololi vya bunduki za zamani. Kaja likizo kaniachia mashine. Mi nimewaza Raskazone, si ndo Mwingereza alishukia 1914 kuja kupigana na Mjerumani? Naruhusiwa kuchimba tu? Halafu nikiiweka ufukweni inalia kwenye mchanga mtupu, ni mbovu?

FundiRedio:
Sio mbovu mkuu. Ile sahani ya chini ina koili inayotoa nguvu ya sumaku, ikipita juu ya chuma inaamsha umeme mdogo ndani ya kile chuma na huo ndo mashine inausikia. Sasa maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme, ndo maana mchanga uliolowa unaipigisha kelele. Punguza ukali wake, isawazishe na ardhi upya, na kaa kule juu mchanga mkavu. Sarafu itaisikia kama sentimita 20 hivi chini, zaidi ya hapo usitegemee sana. Vaa hedifoni na mwanzoni chimba kila sauti, utatoa vizibo vya soda na misumari mpaka uchoke ila sikio litazoea.

BintiPangani:
Kaka yangu kabla hujashika jembe nisikilize. Sheria ya Mambo ya Kale ipo toka 1964, vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa na huwezi kufukua mambo ya kale bila leseni ya serikali. Kwa hiyo Tongoni kwenye ule msikiti na makaburi usipite kabisa na hiyo mashine, kisiwa cha Toten hivyo hivyo, na makaburi ya wanajeshi yale watu wamelala, waache. Hata huko kwa braza wako sio holela, kuna sheria ya 1996, ukipata hazina unatakiwa uripoti ndani ya siku 14.

Hapo Raskazone ndo panaponiuma zaidi. Jeshi la Mwingereza, wengi wao askari wa kutoka India, lilikuja na watu kama 8,000, Mjerumani na askari wake Waafrika walikuwa kama 1,000 tu na wakalirudisha baharini, likaacha bunduki za rashasha 16 na risasi laki 6. Nyuki nao waliingia vitani, wazee wetu wanasimulia mpaka leo. Sasa ganda moja la risasi likikaa palepale lilipoangukia, mtaalamu anaweza kujua nani alisimama wapi na alikuwa anapiga kuelekea wapi. Ukilichomoa ukalitia mfukoni linabaki shaba ya kilo, halina cha kumwambia mtu. Hao askari weusi waliopigana pale wengi hawakuandikwa popote, alama zao ndo hizo zilizobaki ardhini, tusizimalize kwa mchezo wa jioni.

MzeeWaBombo:
Binti kasema kweli tupu. Naongeza mawili. Moja, mji ulipigwa mizinga toka melini, ukikuta kitu kizito kama chupa kimepata kutu usikigonge, usikinyanyue, weka alama mbali kidogo kisha piga 112. Pili, wakijua una hiyo mashine watakuja watu wa "mali ya Mjerumani", wanaodai Mjerumani alifukia hazina, watakuja na ramani, na mganga, na watataka hela ya kafara. Ni matapeli hao, watu wameuza viwanja kwa habari hizo na hakuna aliyetoa hata sanduku moja.

KijanaWaNgamiani:
Asanteni sana wazee wangu, Raskazone nimeiacha. Mjomba ana shamba la michungwa Muheza, linalimwa kila mwaka na karidhia mwenyewe. Nikikuta rupia au heller, zile sarafu za enzi za Mjerumani, nisugue na ndimu ing'ae?

BintiPangani:
Hapo kwa mjomba sawa, ardhi imeshageuzwa na jembe miaka yote, ila pita kwanza makumbusho ya Urithi uwaambie unachotaka kufanya. Na ndimu hapana! Ndimu inakula ile ngozi ya juu, ile heller yenye taji na maandishi ya Deutsch Ostafrika unabaki na kipande chekundu kisichosomeka, na zile pesa za 1890 zenye tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili nazo zinaharibika hivyo hivyo. Maji ya kawaida tu, mswaki laini, anika kivulini, funga kwenye karatasi. Na piga picha ikiwa bado ndani ya shimo, hifadhi lokesheni kwenye simu na andika kina chake, halafu ndo uitoe.

FundiRedio:
Na beba betri za akiba, Muheza ukiingia mashambani duka lenye betri ni mbali.