Msaada: AG 100 ya mzee inakaba kila nikitoka nayo

Kijana_Makorora: Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki Yamaha AG 100 ya marehemu mzee, alikuwa bwana shamba Muheza. Nimeifufua: rangi nyeusi, keria zote mbili nje, kava la cheni nje, siti nimeshonesha Ngamiani. Imetoka kali. Shida ikishachemka inakaba. Juzi sijafika hata Pongwe tairi la nyuma likajifunga, nusura niingie chini ya fuso. Pistoni na ringi ni mpya, na imerudia. Nichonge bloku tena au nifunge injini ya boksa? Oili nimeweka mpya.

Mwana_Duga: Boksa mkuu. Spea hadi kwa muuza vocha.

Bi_Chumba: Mali ya marehemu hiyo. Ndugu zako wameridhia, au umejirithisha mwenyewe? Mirathi imefunguliwa?

Kijana_Makorora: Dada, nimeuliza injini.

Mzee_wa_Vespa: Enzi zetu Vespa unachanganya mwenyewe, petroli na oili, unatikisa dumu. Nilimpakia mama watoto mpaka Pangani, vumbi tupu, gauni jeupe likafika jekundu. Kwao hawakunisamehe.

Fundi_Kiki: Kijana, hiyo oili mpya umeweka wapi?

Kijana_Makorora: Kwenye gia boksi, kama pikipiki zote.

Fundi_Kiki: Na kitanki cha 2T?

Mwana_Duga: Kimya kimetanda.

Fundi_Kiki: Kijana, nimeuliza.

Kijana_Makorora: Kile nilikitoa. Na pampu yake nikaiziba. Kilikuwa kinaharibu muonekano, halafu fundi wangu alisema ndicho kinacholeta moshi. Anafunga boksa kila siku, si mtu wa kubahatisha.

Fundi_Kiki: Sasa pistoni inalainishwa na nini, dua? Hiyo ni tu-stroki. Oili ya gia boksi inaishia kwenye gia na klachi, kwenye silinda haifiki. Pistoni na beringi za kranki zinaishi kwa hiyo 2T, oili inayoingia pamoja na petroli, na pampu ndiyo ilikuwa inaidunga. Fungua egzosi uchungulie tundu lake, utaona pistoni ina mikwaruzo ya wima.

Kijana_Makorora: Nimeiona, nilidhani mchanga. Lakini kitanki sirudishi, rangi nimeshamaliza. Si naweza kuchanganya kama mzee hapo juu?

Fundi_Kiki: Unaweza. Mililita 40 za 2T kwa kila lita ya petroli, na iwe 2T kweli, siyo oili ya boksa. Bloku lipimwe kwanza. Na ukiteremka mlima usifunge mafuta huku gia imeingia: petroli isipopita, na oili haipiti. Vuta klachi. Ila mimi ningerudisha pampu.

Sina_Imani: Subirini. Kuna jamaa alikuja humu na Vespa ya babu yake, Lushoto, naye "nusura aingie chini ya fuso". Mwishowe akaiuza humu humu. Weka picha ya pikipiki tuione.

Kijana_Makorora: Vespa sijawahi kumiliki. Picha baadaye, umeme umekatika.

Mwana_Duga: Kwani simu yako inapiga picha kwa jenereta?

Bi_Chumba: Na la mirathi hajajibu.

Mkulima_Amboni: Samahani, zile keria umezitupa? Ya nyuma naitaka, nabeba mikungu ya ndizi.

Kijana_Makorora: Zipo zote. Njoo inbox na bei yako.

Sina_Imani: Si niliwaambia?