Treni ya mjini Dar: katikati ya mji ipite chini ya ardhi?

Wa Kimara Mwisho

Habari za leo wanajukwaa. Swali hili limenikaa kichwani wiki nzima, naomba wenye ujuzi wanisaidie.

Nakaa Kimara, kibarua changu kiko Posta. Nimepanda mabasi ya mwendokasi tangu yaanze 2016. Jumatatu niliamua kushika saa. Kimara hadi Magomeni Mapipa basi lilitembea vizuri, abiria wengine wamelala wamesimama. Tulipofika makutano ya Fire mambo yakageuka. Taa nyekundu, trafiki kanyoosha mkono, magari ya Barabara ya Umoja wa Mataifa yamefunga makutano, bodaboda zinakatiza mbele ya dereva. Tukatoka hapo tukaenda kusimama tena makutano ya Bibi Titi. Fire hadi Posta ya Zamani, kipande ambacho kwa miguu ni dakika ishirini na kitu, kilinila dakika 18 nikiwa ndani ya basi lenye njia yake peke yake.

Sensa ya 2012 ilituhesabu watu milioni 4.36 mkoa huu, ya 2022 ikatukuta milioni 5.38. Siku moja tutahitaji treni ya umeme ya mjini. Ikipitishwa barabara hizihizi, si itasimama kwenye taa hizihizi? Nimesoma kwamba iko miji Marekani iliyolaza reli juu ya barabara na sasa inabishana kama izishushe chini katikati ya mji. Kwa nini sisi tusichimbe tangu mwanzo?

Mjukuu wa Magomeni

Kaka, huo ubishi naujua, nimeishi Portland miaka minne. Treni zao zilianza 1986, zinapita katikati ya mji mbele ya maduka kabisa. Shida yao kubwa ni urefu wa treni, taa zinafuata nyuma. Mtaa mmoja pale, kona hadi kona, ni kama mita 61. Treni ikizidi mabehewa mawili itaziba njia panda kila inaposimama kituoni, kwa hiyo ni mabehewa mawili tu, abiria waongezeke wasiongezeke. Halafu njia nne kati ya tano zinavuka mto kwa daraja moja la zamani. Ndiyo maana wazo la handaki likaja.

Kituo kimoja cha chini wanacho tayari, nje kidogo ya katikati ya mji, Washington Park, mita 79 chini ya kilima. Unashuka kwa lifti. Ukutani wameweka kipande kirefu cha mwamba walioutoboa kabla ya kuchimba, unapita ukikitazama kama ukurasa wa kitabu. Kilinivutia sana.

Jambo la kuigwa kwa maoni yangu ni la Seattle, mji mwingine wa Marekani. Walifungua handaki katikati ya mji 1990 likiwa la mabasi. Treni ziliingia 2009, zikatumia njia moja na mabasi hadi 2019 mabasi yalipotolewa. Sisi tuna mabasi tayari. Tuchimbe kwa ajili ya mwendokasi, treni ije baadaye.

Fundi Misingi

Salaam kwenu. Mdogo wangu wa Magomeni ameeleza vizuri, na huo mwamba alioutaja ndio unaonileta mimi.

Nachimba misingi ya maghorofa huu mwaka wa 22. Upanga, Kisutu, Kariakoo, kote nimeingia shimoni. Hatuna mwamba wa namna hiyo huku. Tuna mchanga, na ndani ya mchanga kuna maji. Kazi moja Upanga tulikuwa tunachimba ghorofa moja tu la maegesho. Hatujafika hata mita nne, kijana wangu akaniita: "Mzee, ukuta unatoa jasho." Nikashuka. Mchanga wa chini umebadilika rangi, ukiukanyaga unatetemeka kama uji ulioanza kuganda. Nikachota maji kwa kiganja, nikaonja. Chumvi. Tangu usiku ule pampu tatu hazikuzimwa kwa miezi miwili, na nilikuwa nalala palepale, maana pampu moja ikinyamaza nashtuka kuliko ninyi mnavyoshtushwa na kelele. Wiki ya tatu jirani akaja kunionyesha ufa kwenye ukuta wa jiko lake, kidole cha shahada kinaingia. Ukivuta maji huku, ardhi ya jirani inashuka. Ufa ule tuliuziba kwa gharama yetu, lakini mama yule hakulala kwa amani tena, na mimi sikumlaumu.

Sisemi haiwezekani. Cairo treni yao inapita chini ya Mto Nile. Ipo mitambo inayotoboa huku inazuia maji, nyuma yake pete za zege zinafungwa. Ila hesabu yake ni nzito. Los Angeles waliunganisha njia zao katikati ya mji kwa handaki la kama kilomita 3, likafunguliwa 2023, likala karibu dola bilioni 1.8.

Na hata fedha zikipatikana, nina swali moja ambalo sijawahi kusikia likiulizwa. Handaki linaloanzia Posta litachomoza wapi? Tazameni ramani. Fire imekaa ukingoni mwa bonde la Msimbazi. Treni ikipita chini ya Fire, mdomo wa handaki unaangalia Jangwani. Jangwani ndugu zangu! Pale maji yanapopanda hadi barabara kufungwa, mnataka tuweke shimo la kwenda Posta?

Mama Wawili Mburahati

Fundi, Mungu akubariki kwa hilo la Jangwani. Mvua moja ya Aprili tuliteremshwa Magomeni, barabara imefungwa. Wanaume wakakunja suruali wakaingia. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, nikarudi nyumbani, siku hiyo sikuuza kitu. Nikifikiria maji yale yanakimbilia ndani ya tundu lenye watu, mwili unasisimka.

Halafu fikirieni sisi wenye mizigo. Sasa hivi napanda njia ya mteremko, nimeingia. Chini ya ardhi nategemea lifti, na umeme ukikatika?

Wa Kimara Mwisho

Shikamoo fundi. Nimekuelewa, la mdomo wa handaki sikulifikiria hata kidogo. Sasa tufanyeje? Tuipandishe juu kwenye nguzo kama SGR inavyotoka stesheni?

Fundi Misingi

Marahaba mwanangu. Nguzo zinawezekana. Za SGR zinaenda zaidi ya kilomita 2 kutoka mjini na zimesimama kwenye ardhi yetu hiihii. Ila kituo cha juu nacho ni ngazi na lifti, mama wa Mburahati bado hujamsaidia. Na Mtaa wa Msimbazi ulivyosongamana, duka lililowekewa nguzo mlangoni litakufa.

Mimi ningepandisha magari. Kwenye makutano ya TAZARA walifanya hivyo 2018, Ubungo 2021. Fire na Bibi Titi wenye magari wapite juu, abiria wa mwendokasi leo na wa treni kesho wabaki chini, mlango usawa wa jukwaa. Umehesabu dakika 18. Hesabu tena ukitoa muda mliosimama kwenye hayo makutano mawili.

Wa Kimara Mwisho

Nimehesabu leo asubuhi. Fire tumesimama dakika saba, Bibi Titi nne. Kesho nashika saa ya jioni wakati wa kurudi, nitaweka hapa.