Mwongozaji kukata mwisho wa Orfeo: ni haki yake au katuibia?

Mpanda Tramu (mleta mada)
Wakuu, salaam. Jumamosi nilikwenda na mke wangu kuangalia Orfeo ed Euridice, opera ya mtunzi Gluck, kwenye jumba moja hapa Ujerumani, silitaji. Kwa wasioijua: mke, Euridice, kaumwa na nyoka akafa, mume, Orfeo, anashuka kuzimu na kinubi chake, anaruhusiwa kumrudisha kwa sharti asimtazame njiani wala asimweleze sababu. Anageuka. Mke anakufa mara ya pili, mume anaimba ile "Che farò senza Euridice", yaani nitafanya nini bila Euridice, kisha Amore, mungu wa mapenzi, anatokea, anamfufua mke, watu wanacheza, pazia. Ndivyo ilivyo tangu 1762.

Sasa hawa walipomaliza ule wimbo wakazima taa. Basi! Tumekaa gizani hatujui tupige makofi au tuchukue makoti. Mpiga filimbi wa mbele alikuwa keshaanza kufuta ala yake kwa kitambaa, ndipo nikajua kweli imeisha. Nimelipia opera nzima nikapewa pungufu. Swali langu: mwongozaji ana haki hiyo?

Halafu kwenye tramu mke wangu ananiambia, "Huyo mwanamume naye. Kakatazwa kutazama, kakatazwa kueleza. Kufinya mkono nako kakatazwa?" Sikuwa na jibu.

Mlevi wa Noti
Haki anayo, tena tele. Ule mwisho ni wa kubandika. Opera ilichezwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 5 Oktoba 1762, kwa sherehe ya siku ya jina la Kaisari. Nani angempelekea Kaisari maiti siku ya sherehe yake? Calzabigi aliyeandika maneno alikiri mwenyewe kwamba ilibidi abadili mwisho ili ngano ifae majukwaa yao. Kwenye ngano Orfeo hapati mke, anararuliwa na wanawake wa Bacchus, mungu wa mvinyo, kichwa kinaelea mtoni huku kinaimba. Pina Bausch, mtunzi wa dansi wa Ujerumani, aliufuta ule mwisho wa furaha kule Wuppertal 1975, akamalizia na kifo, na leo kazi yake inasujudiwa. Tatizo lenu mmezoea harusi.

Kaka Gongo
Habari za Kaisari siziwezi. Mimi naona tatizo ni Euridice. Mtu kakufuata kuzimu, kuzimu! Anakwambia twende, wewe unaanza hunipendi, hunitazami, bora nirudi kufa. Angefunga domo dakika kumi tu wangefika. Ulimi uliponza kichwa.

BintiMvita
Haya, nilijua utatokea. Kaka Gongo, umefufuliwa sasa hivi, hujui uko wapi, mwenzio kakupa kisogo, hajibu, hasemi. Utamfuata tu kama mbuzi wa kafara? Na aliyegeuka ni nani? Sharti lilikuwa la nani? Mwanamume kashindwa mtihani wake, lawama kabebeshwa mke.

Kaka Gongo
Punguza jazba dada. Kwani mke wa Lutu si aliambiwa asigeuke?

BintiMvita
Mke wa Lutu aligeuka MWENYEWE. Huku kageuka mume. Umeleta shahidi wa upande wangu, ahsante.

Mkaa Barazani
Jamani mambo ya Mitume msiyachanganye na ngano za Wagiriki. Nawaomba.

Sindano
Naomba nimtetee marehemu. Huyo Euridice wa kulalama ni wa jukwaani, si wa kale. Kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, anakufa mara ya pili bila kumlaumu mumewe hata neno, na Ovid anauliza, alalamikie nini, kwamba alipendwa? Kwa Virgil, Mrumi mwenzake, ndiyo, anauliza ni wazimu gani umewaangamiza wote wawili, lakini hapo mume keshageuka. Tena kwa hao wawili sharti ni kutogeuka tu. Hilo la kutoeleza ndilo linalomfanya wa kwenye opera aonekane msumbufu. Kaka Gongo, gomba na mwandishi.

Kaka Gongo
Kwa hiyo umekubali kwamba analalama.

Mlevi wa Noti
Tumetoka kwenye mada. Narudia, mwisho wa huzuni ndio asili hata kwenye opera. Orfeo ya kwanza kabisa, ya Monteverdi, mwaka 1600, iliishia kwa huzuni.

Mzee wa Ngazi
Ya 1600 si ya Monteverdi, ni ya Peri, Firenze, kwenye harusi ya Maria de' Medici na Mfalme Henri wa Ufaransa, na humo Orfeo anarudi na mkewe salama, bila hata sharti. Monteverdi ni 1607, Mantova. Maneno yaliyochapwa 1607 yanaishia na wale wanawake wa Bacchus, noti zilizochapwa 1609 zinaishia Apollo anamchukua Orfeo mbinguni. Opera ileile, miisho miwili.

Na kama mwongozaji anataka Orfeo afe, Haydn keshamwandikia moja ya 1791. Humo Orfeo anapewa sumu, roho inatoka. Ilikaa bila kuchezwa hadi 1951, Firenze, mwimbaji Maria Callas akawa Euridice. Acheze hiyo. Gluck amwache na mwisho wake.

Mlevi wa Noti
Nimekosea mwaka, sijakosea hoja. Mzee kazi yako ni kusubiri mtu ateleze. Uzi wa wiki iliyopita ulinifanyia hivihivi kwa sababu ya tahajia.

Mzee wa Ngazi
Kijana, mimi nimesimama Vienna miaka minne kwa tiketi za kusimama. Unafika mapema, unafunga skafu yako kwenye reli kushika nafasi, ndipo unakwenda kunywa kahawa. Wewe unasikilizia kwenye simu ukiwa kwenye foleni ya benki.

BintiMvita
Mzee na skafu tena 😂 Kila uzi lazima skafu ipite.

Mzee wa Ngazi
Skafu ile ninayo mpaka leo.

Mpanda Tramu
Wakuu, naomba turudi. Kilichonikera hasa ni hiki: "Che farò" iko kwenye C meja, ngazi ya noti yenye sauti ya uchangamfu. Ukiisikia bila maneno utadhani mtu anakwenda sokoni asubuhi na kikapu chake. Kwangu ule wimbo unamngoja Amore. Ukizima taa pale, huzuni haikamiliki na furaha haijafika.

Sindano
Gluck mwenyewe aliliona hilo. Mwaka 1770 aliandika kwamba ukibadili kidogo tu namna ya kuimba, wimbo ule unageuka ngoma ya vikaragosi. Kwa hiyo kila kitu ni mwimbaji. Kwenu aliimba nani, mwanamume au mwanamke?

Mpanda Tramu
Mwanamke, sauti ya mezo, ile ya kike ya kati. Aliimba vizuri, sina ugomvi naye. Neno "Euridice" la mwisho alilitoa kama mtu anayeita ndani ya nyumba tupu.

Kaka Gongo
Ngoja kwanza. Orfeo, mume wa mtu, kaigizwa na mwanamke? Na mmekaa mnaangalia?

Sindano
Kaka, wa kwanza 1762 alikuwa Guadagni, kastrato, yaani mwanamume aliyehasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Paris 1774 Gluck akamwandikia upya Legros, tenori, yaani sauti ya juu ya kiume, na ngoma nyingi juu yake. Mwaka 1859 mtunzi Berlioz akaipanga tena kwa ajili ya Pauline Viardot, mwanamke, ikatamba. Tangu hapo wanawake wengi wameimba Orfeo. Mwimbaji Kathleen Ferrier aliiimba London Februari 1953 akiwa na saratani, mfupa wa mguu ukavunjika katikati ya onyesho. Akaendelea mpaka mwisho. Oktoba akafariki.

BintiMvita
Kwa hiyo Kaka Gongo, Jumamosi kwa Mpanda Tramu aliyegeuka alikuwa mwanamke kweli. Furahi sasa.

Kaka Gongo
🤐

Mlevi wa Noti
Hakuna aliyejibu hoja yangu ya Kaisari.

Mkaa Barazani
Hakuna aliyejibu ya mzee ya Haydn pia. Mimi nimeisoma mara mbili. Kama yupo mtunzi aliyemuua Orfeo kwa noti zake mwenyewe, kwa nini umvamie yule aliyemwacha hai? Hata hivyo mimi si mtu wa opera.

Mlevi wa Noti
Kwa sababu ile ya Haydn hainunuliwi tiketi. Mkweli nani?

Mzee wa Ngazi
Hapo sasa umesema kitu. Kwa hiyo ni biashara, si asili ya ngano. Ungeanza na hilo.

Mlevi wa Noti
Sikusema hivyo! Usinitilie maneno mdomoni.

Sindano
Mpanda Tramu, nimerudi kwa ajili ya shemeji. Nimefungua maneno ya Kifaransa ya 1774, pale wanapopanda kutoka kuzimu. Orfeo anamwongoza mkewe, na kabla hata ya kulalamika kwamba hatazamwi, Eurydice anasema mkono wake haubanwi tena na mkono wa mumewe. Umo ndani kabisa, mstari mzima. Shemeji hakuwa na haja ya kuubuni, alisikia.

Mpanda Tramu
Hajui Kifaransa, na tuliimbiwa Kiitalia.

BintiMvita
Alikuwa anaangalia mikono.

Kaka Gongo
Mkono wa nani ulilegea kwanza, maandishi yanasema?

BintiMvita
Kaka Gongo!!!

Mgeni Njiani
Wakuu, ndiyo nafika, sijasoma kurasa zote. Hiyo skafu unafunga kwenye reli ipi, ya juu au ya chini? Niko Vienna mwezi ujao.

Mzee wa Ngazi
Njoo faragha nikueleze.