Kikundi chetu cha kusoma: dakika 5 za mapumziko zimegeuka baraza. Tufanyeje?

Karani wa Tabata

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, utani uje baadaye.

Tuko watu 4, wote tunasomea mitihani ya uhasibu, CPA ya bodi ya NBAA, ya Novemba. Wote ni waajiriwa, darasani hatuendi, kwa hiyo tunakutana Jumatatu hadi Alhamisi, saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku, kwenye ofisi ya mwenzetu mmoja huku Tabata. Meza ndefu moja, feni moja, kila mtu na somo lake.

Mwezi wa saba mmoja wetu alituletea mtindo wa nyanya. Unatega saa dakika 25, hakuna kuongea, hakuna simu. Ikilia mnapumzika dakika 5. Zikitimia nyanya 4 mnapumzika zaidi, dakika 20 hivi. Wiki ya kwanza ilikuwa moto. Mimi ambaye nyumbani nikifungua daftari tu nakumbuka kwamba pasi sijaizima, nilikaa nikamaliza pastipepa nzima ya kodi jioni moja. Ukimwona mwenzako kainamisha kichwa, unaona haya kushika simu.

Sasa mambo yameharibika. Chukueni mfano wa juzi Jumanne. Saa imelia niko katikati ya swali la kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, mizania inagoma kubalansi, pande mbili zinapishana kwa milioni 4, na nilikuwa nimeshanusa ile milioni 4 imejificha wapi. Tukasimama. Mwenye ofisi akauliza kama tumeliona lile goli la Jumamosi. Nikamwambia lile halikuwa goli, mshambuliaji alishaotea, mguu mzima umevuka, na mshika kibendera alikuwa nyuma ya mchezo hatua 3, asingeona hata angevaa miwani ya babu yake. Akabisha. Ikabidi tutafute video, intaneti nayo ikawa inasuasua. Mwingine akaagiza chipsi mayai kwa kijana wa pale chini. Tunarudi mezani dakika 35 zimekwenda, karatasi yangu ina doa la mafuta, na ile milioni 4 sikuiona tena.

Nauliza mambo mawili. Dakika 25 zinatukata katikati ya maswali: turefushe au tuvumilie? Halafu, na hili ndilo linaninyima raha, mwenye ofisi ndiye anayeanzisha soga. Ofisi yake, umeme wake, hata maji ya kunywa ananunua yeye. Namwambiaje bila kuonekana sina adabu?

Kiroboto Msomi

Nakaa hapa na karanga zangu. Ila chipsi mayai kwenye mapumziko ya dakika 5? Huyo kijana dakika 5 anazimaliza kutafuta kiberiti.

Bint Makunduchi

Salaam. Mie natafsiri nyaraka, tunakaa watatu chumba kimoja hapa Mji Mkongwe, na mtindo huo tunautumia mwaka wa tatu sasa.

Aliyeubuni ni Francesco Cirillo, Mtaliano, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati huo mwanafunzi wa chuo. Alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, zile za kuzungusha kwa mkono, na nyanya kwa Kitaliano ndiyo *pomodoro*. Basi kumbuka mtindo umeanza na mtu mmoja na saa yake. Nyie mko wanne, na wanne wakisimama pamoja lazima patatoka maneno.

Sisi kwanza tulikataza kukaa. Wakati wa pumziko mmoja anamimina chai, mwengine anafungua dirisha, mwengine ananyoosha mgongo, lakini hakuna anayegusa kiti. Mtu akishakaa na kikombe mkononi, hapo baraza imeshaanza. Chai yenyewe inatoka nyumbani kwenye chupa. Kitu cha kuagiza hakiingii, kwani hujui kitarudi saa ngapi.

Na pumziko la sala msilipiganie. Sisi tukishasali Magharibi tunakaa mpaka Isha, ni saa nzima na kitu, mnaingia vipindi viwili na pumziko moja baina yake. Adhana huiambii ngoja nimalize.

Alama Moja

Mkuu, nimemaliza CPA hivi karibuni, nakujibu la kwanza.

Pepa ni saa 3, alama 100. Dakika 180 gawa kwa 100, alama moja ina dakika 1.8. Swali la alama 20 lina dakika 36. Sasa nyie mnatega 25, maana yake kila jioni mnajizoeza kuliacha swali dakika 11 kabla ya wakati wake. Tegeni 36. Hiyo 25 mwachieni anayesoma nadharia.

Halafu angalia hesabu ilivyokaa vizuri. Saa 12 mpaka saa 3 ni dakika 180. Vipindi 4 vya dakika 36 ni 144. Zinabaki 36: pumziko moja la dakika 20 na mawili ya dakika 8. Hakuna cha kuazima.

Saa ikilia na mizania haijabalansi, iache. Kwenye mtihani alama zimetawanyika kwenye njia, kubalansi kwenyewe ni kidogo sana. Nimeona watu wanakimbizana na tofauti ya shilingi elfu 10 huku swali zima linalofuata limebaki jeupe. Ila kabla hujanyanyuka andika pembeni kwa penseli mstari mmoja: nilikuwa natafuta nini, na nilikuwa naenda kuangalia wapi. Ungeandika hivyo Jumanne, milioni 4 yako ungeikuta inakusubiri, hata baada ya chipsi.

Karani wa Tabata

Alama Moja, hiyo ya 36 sijawahi kuisikia kwa mtu na nina mwaka wa pili kwenye mitihani hii. Asante sana kiongozi. Bado la mwenye ofisi.

Mzee Kitonga

Wanangu, sisi shambani saa hatukuwa nayo. Siku ya ujima mwenye shamba anapima ngwe, kila mtu na yake, mnaingia pamoja na mnakwenda sambamba. Hupumziki kwa sababu umechoka, unapumzika umefika mwisho wa ngwe, kwenye mti, na togwa iko hapo chini ya mti. Haikuwekwa katikati ya shamba. Aliyewahi kumaliza hakuja kukusemesha, alikuwa anaingia kwenye ngwe yako kwa upande wa pili anakupokea, maana aliona aibu kunywa wenzake wangali wameinama.

Huyo kijana wa dakika 36 amewapimia ngwe. Mmeshapata.

Sasa mwenye shamba. Yeye hakulima sana, lakini togwa alikuwa nayo yeye, na haikuguswa mpaka aseme. Huyo mwenye ofisi mpeni saa aishike. Mwenye nyumba humpi amri, unampa kazi.

Kanyaga Twende

Mimi nimeusoma uzi mara mbili, na naona wote mnamwonea mwenye ofisi.

Mwenye ofisi kauliza swali moja tu: mmeliona goli? Aliyejibu kuanzia mguu wa mshambuliaji mpaka miwani ya babu wa mshika kibendera ni nani? Hata hapa, umekuja kuomba ushauri wa kusoma, maneno ya kuotea ni mengi kuliko ya kodi.

Mkuu, mpiga soga ni wewe.

Kiroboto Msomi

Karanga zimeniingia njia ya hewa.

Karani wa Tabata

Nimecheka, ila imenichoma. Nitajichunguza.

Lakini halikuwa goli.

Wa Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nitaenda kinyume kidogo. Si kila kitu hufaa kusomwa mkiwa wengi.

Mwaka 1898 Norman Triplett, Mmarekani, alipitia rekodi za mashindano ya baiskeli akaona wanaokimbia pamoja na wengine huwa na kasi kuliko anayekimbizana na saa akiwa pekee. Kila mtu hupenda kusimulia hiyo. Lakini mwaka 1965 Robert Zajonc aliongeza upande wa pili: kuwa mbele ya watu husaidia kile umeshakizoea, na huvuruga kile bado hujakishika. Mtu anayejua kuendesha ataenda mbio zaidi akitazamwa. Anayejifunza ataanguka.

Nilipokuwa nafanya KASNEB, mitihani ya uhasibu ya huku kwetu, mada mpya nilisoma alfajiri peke yangu. Jioni na wenzangu tulikuwa tunafanya maswali tu, mada ambazo kila mmoja ashazipitia kwake. Siku moja nilijaribu kujifunza kodi ya zuio mbele ya watu watatu wanaoandika kwa kasi. Nilisoma ukurasa mmoja mara sita nikidhani mimi ndiye mjinga wa meza.

Kwa hivyo, ndugu Karani, hiyo kuunganisha hesabu, ushaielewa kweli? Kama bado, hata utege dakika 90, bado itakukata katikati.

Mpweke wa Leipzig

Niko Ujerumani naandika tasnifu, kikundi sina. Natumia tovuti ya Focusmate. Unakutanishwa kwa kamera na mtu usiyemjua, mnasalimiana, kila mmoja anasema anachokwenda kufanya, mnanyamaza dakika 25 au 50, mwishoni mnaambiana mmefika wapi. Juzi nilikuwa na mama mmoja yuko Kanada anakunja nguo. Yeye anakunja, mimi naandika, na nakwambia niliandika.

Nilichokiona ni kwamba kimya peke yake hakitoshi, inayobeba kazi ni ile sentensi ya mwanzo. Ukisema "nitasoma kodi" hujasema kitu, hakuna atakayejua kama umeisoma. Sema "namaliza swali la 3, kipengele a na b". Saa ikilia, hata kama hakuna anayekuuliza, unajua mwenyewe kwamba umeumbuka. Tena ikiwa kila mtu anatakiwa kutaja kazi yake ya kipindi kinachofuata, mnakuwa na cha kuongea wakati wa kurudi mezani. Mpira unakosa nafasi.

Bint Makunduchi

Dakika 36 mie sina neno nazo, ila macho yanachoka kabla. Wataalamu wa macho wanashauri kila dakika 20 uangalie kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Huna haja ya kusimama wala kusema, inua uso uangalie ukutani au nje ya dirisha. Si kwa jirani yako, maana mkikutana macho mtacheka.

Karani wa Tabata

MREJESHO. Wiki 2 zimepita, nimeona si vizuri kupotea.

Nilianza na kazi aliyonipa Kanyaga Twende. Nilibandika karatasi ukutani, nikawaambia wenzangu kila mapumziko yakizidi, aliyeanzisha maneno anachora mstari kwenye jina lake. Wiki ya kwanza mistari 9. Mitano yangu. Mwenye ofisi alikuwa na mmoja, nao alikuwa anajibu simu ya mama yake. Kaka, naomba radhi hadharani.

Ushauri wa Mzee Kitonga tuliufuata. Nilimwambia mwenye ofisi kwamba simu kama saa zinatuponza, kila tukienda kuzima mlio tunakuta ujumbe wa WhatsApp, je anaweza kutushikia saa? Kesho yake akaja na saa ya jikoni kutoka Kariakoo, ya kuzungusha, haitumii betri. Nyanya hakuipata, hii ina umbo la kuku. Kwa hiyo sasa hatupigi nyanya, tunapiga kuku. Jana tumepiga kuku 4, za dakika 36.

Na jamaa amebadilika, wakuu. Juzi Jumatano nilikuwa na nusu andazi mdomoni, namalizia tu kusimulia jambo, akamzungusha kuku akainama kwenye daftari lake. Hakuniangalia. Nikabaki nimesimama na andazi langu kama mwanafunzi aliyechelewa foleni ya asubuhi.

Pumziko la dakika 20 tumelileta mbele, baada ya kipindi cha kwanza, kwa sababu wawili wetu wanasali Magharibi. Tunaobaki tunanyoosha miguu ngazini. Chai ya chupa ipo, zamu kwa zamu. Chipsi mayai ni saa 3 usiku tukimaliza, na yule kijana wa chini analalamika tumemsusa.

Wa Kayole, ulinishika pabaya. Nilikuwa sijaielewa. Jumamosi niliamka saa 11 alfajiri nikaikalia peke yangu, na ile milioni 4 nimeipata: ni bidhaa ambazo kampuni mama iliiuzia tanzu zikabaki ghalani, faida yake nilikuwa naiondoa kwenye bidhaa, kwenye limbikizo la faida siigusi. Upande mmoja tu, kila mara! Miezi miwili nailaumu saa.

Kilichobaki kigumu ni kutaja kazi kabla ya kuanza. Mmoja wetu anataja kubwa mno ili aonekane, halafu hamalizi, halafu ananuna. Bado tunamtafutia dawa, mwenye wazo aseme.

Alama Moja

Mwambieni ataje kwa alama, asitaje kwa mada. Kipindi cha dakika 36 ni alama 20, hawezi kutaja 40 mbele ya watu wanaojua kugawanya.

Karani wa Tabata

Hiyo inaanza Jumatatu.

Kiroboto Msomi

Na lile goli mliishia wapi?

Karani wa Tabata

Mwenye ofisi amesema litajadiliwa baada ya pepa ya mwisho. Nimeshahifadhi video kwenye simu.