Naomba ushauri: lassi yangu ya embe inajitenga maji

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada kuhusu lassi, kile kinywaji cha mtindi chenye asili ya Punjab. Jirani yangu Mhindi aliwahi kutuletea ya embe wakati wa kufuturu, nzito, baridi, inanukia iliki. Mama mkwe hajaisahau mpaka leo. Jirani amehama, na mama anakuja Jumamosi.

Nafanya hivi: vikombe 2 vya mtindi niliougandisha mwenyewe, embe kubwa 1 lililoiva, sukari kijiko 1, iliki ya kusaga kidogo na barafu, vyote kwenye blenda. Ikitoka inapendeza kweli, ila ikikaa nusu saa kwenye friji maji yanajitenga na juu linabaki povu. Je, mtindi niuchuje kwanza kwa kitambaa? Au barafu ndiyo inayoharibu, nipoze embe na mtindi kabla ya kusaga? Kuna aliyeniambia niongeze maziwa ya unga, nami naogopa ladha itabadilika.

Embe nalo, dodo zikiisha sokoni nabaki na yale ya nyuzi. Mnayapitisha kwenye chujio?

Nilijaribu na nanasi bichi, ikawa chungu muda si mrefu. Nimeelezwa nanasi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na ukilichemsha kinakufa. Aliyewahi kulichemsha aniambie kama ile ladha yake inabaki, maana mama anapenda nanasi kuliko tunda lolote.

Natanguliza shukrani.